Nuru Isiyotetemeka: Mhadhara juu ya Vioo vya Kompyuta na Raha ya Macho



Kila mtu wa mji huu wa Bukavu anayekula kwa jasho la kalamu anaijua ile saa ya usiku ambayo umeme, uliotukimbia tangu mchana kwa hiyo delestaji, yaani mgawo wa umeme, tuliyokwisha kuizoea kama tulivyoizoea mvua ya Novemba, unarejea ghafla bila ya hodi, taa zikawaka kutoka Nguba hadi Bagira, na mwanafunzi mwenye kazi yake ya kumaliza masomo, karani mwenye hesabu za bwana wake, na mchapaji mwenye deni la kurasa arubaini, wote wakavikimbilia vioo vyao wafidie yaliyopotea kabla umeme haujaondoka tena. Hukaa hapo hata alfajiri; na asubuhi ukikutana nao njiani kuelekea Nyawera, utawaona macho yamewaiva kama ya mtu aliyelala jikoni penye kuni mbichi, na kila mmoja ana dawa yake ya kukutajia: huyu amenunua miwani ya rangi, yule ameishusha nuru ya kioo, na wa tatu amejitia matone aliyouziwa sokoni na mtu asiyekuwa tabibu.

Maudhui ya mhadhara wangu ni adha hiyo pamoja na kioo kinachoileta, hicho ambacho vijana wetu, kwa kufuata Kifaransa, hukiita ekra. Nimekusudia kuwaonyesha jambo moja, nalo ni kwamba nuru haiyatesi macho kwa ukali wake peke yake; huyatesa pia kwa kutotulia kwake na kwa kutopatana na chumba ilimowashwa; na kwa kutolijua hilo, wengi hununua dawa ya ugonjwa wasiokuwa nao, na wengine huuongeza ugonjwa kwa mikono yao wenyewe ilhali wanadhani wanautibu.

Nilianza kulifahamu jambo hilo kwa mama mmoja mwenye kibanda cha kuchapa na kunakili huko Kadutu, mteremko mmoja chini ya soko. Siku hiyo nilimpelekea karatasi zangu nikamkuta ameliegemeza paji la uso katika kiganja, na kioo chake kimefifia hata herufi zilikuwa kama zimeandikwa kwa majivu. Nikamwuliza, "Mama, umeme umepungua?" Akanijibu, "Hapana, Mwalimu, ni mimi nimepunguza. Kichwa kiliniuma, nikaambiwa nishushe mwanga, nikashusha, kikazidi, nikashusha tena, na sasa ndiyo hivi unavyoniona." Nami kwa haraka ya watu waliosoma nikadhani kwamba anahitaji miwani, nikamwambia hivyo, nikaenda zangu. Miwani aliipata, herufi zikamkaribia, lakini kichwa hakikuacha kumwuma.

Mashaka ya watu wa kalamu si mageni duniani. Mwanachuoni Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra, aliyekiandika kitabu chake kikubwa cha elimu ya kuona huko Kairo yapata miaka elfu moja iliyopita, alianza hoja zake kwa jambo ambalo hata mtoto analijua, kwamba alitazamaye jua macho humwuma, na humo akaipata dalili ya kwamba nuru ndiyo inayoliingia jicho kutoka katika vitu, wala si jicho linalorusha miale yake kwenda kuvigusa. Tabibu Bernardino Ramazzini wa Italia naye, katika toleo la mwaka 1713 la kitabu chake juu ya maradhi ya wafanyakazi, aliwataja waandishi, na kadhalika mafundi wa kazi ndogondogo za macho, miongoni mwa watu wanaochakazwa na kazi zao. Lakini waandishi wa Ramazzini walitazama karatasi, na karatasi ni kitu muungwana: haina nuru ya kwake, huazima ile iliyomo chumbani, jua likififia nayo hufifia, taa ikiletwa nayo hung'aa, na kwa hiyo haigombani kamwe na mahali ilipo. Kioo cha kompyuta ni taa. Anayekisoma huitazama taa usoni kutwa nzima, na taa hiyo haiulizi chumba kikoje.

Hata hivyo, insafu inatutaka tulisikilize kwanza jicho lenyewe kabla ya kukihukumu kioo. Nyuma ya mboni iko lenzi laini inayotawaliwa na msuli mdogo, na msuli huo hujikaza kila tunapotazama kitu cha karibu, ukalegea tunapotupa macho mbali. Basi mwenye kusoma bila ya kuinua uso ni kama mtu aliyeinua ndoo ya maji asiitue. Umri ukifikia miaka arubaini hivi, lenzi huwa ngumu, na hapo hakuna kioo, hata kiwe cha thamani gani, kitakachofanya kazi ya miwani. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2019, liliwahesabu watu milioni 826 ambao uoni wao wa karibu umedhoofika kwa umri na hawajapata msaada unaowafaa. Na sina shaka kwamba baadhi ya wanaovilaani vioo vyao mjini hapa wamo katika hesabu hiyo. Fauka ya hayo, ziko kope. Mwaka 1993 Tsubota na Nakamori, matabibu wa Kijapani, walieleza kwamba watu waliowapima walikuwa wakipepesa kope kwa wastani mara 22 kwa dakika wakiwa wamepumzika, mara 10 wakisoma kitabu, na mara 7 tu wakikitazama kioo cha kompyuta. Kope ndizo zinazolipaka jicho machozi. Zikisahau kazi yake, jicho hukauka, likawasha, na mtu akadhani ametiwa mchanga. Dawa ya hayo wala haiuzwi: kila baada ya dakika 20, inua uso utazame mbali kwa sekunde 20, ukifumba na kufumbua kwa makusudi, nasi watu wa Bukavu, ambao rasi zetu zimeingia ziwani kama vidole vya mkono, tumejaliwa maji ya Kivu na vilima vya Rwanda ng'ambo yake, umbali ambao watu wa miji mingine huulipia nauli ili wauone.

Sasa nije kwenye kioo. Mrija aliouvumbua Mjerumani Ferdinand Braun mwaka 1897, ambao televisheni na kompyuta za kale zenye mgongo mrefu ziliurithi, ulichora picha yake kwa mshale wa elektroni uliopita mstari kwa mstari, mara 60 au 75 au zaidi kwa sekunde, na kila mahali palififia mara baada ya kupitiwa, hata mwenye macho mepesi aliweza kuiona picha ikipepesa pembeni mwa jicho. Vioo bapa vya fuwele majimaji vilivyofuata havina tabia hiyo: kila nukta yake ni kama dirisha dogo linalofunguliwa na kufungwa na umeme upitao katika utando mwangavu wa oksidi ya indiumu na bati, na bati hilo hutokana na mawe ya kasiterite, kama haya tuyachimbayo sisi huko Nyabibwe katika Kalehe, na nyuma ya madirisha hayo zimepangwa taa ndogondogo zinazoonekana kuwaka muda wote. Watu wakashukuru, wakadhani kwamba kupepesa kumekwisha.

Hakukwisha, kulijificha. Mtengenezaji anayetaka kuipunguza nuru ya taa hizo kwa gharama ndogo haupunguzi umeme wake. Huizima taa na kuiwasha upesi upesi, katika vioo vingi mara mia mbili au mia kadhaa kwa sekunde, akilitegemea jicho lijumlishe mwako na giza na lione wastani wake. Ukitaka nuru kamili, taa haizimwi hata kidogo. Ukitaka nusu, huzimwa nusu ya muda. Ukitaka robo, giza huchukua robo tatu. Tafakarini basi kitendawili hiki: kadiri mtu anavyoushusha mwanga ili apumzike, ndivyo anavyolirefusha giza lililo baina ya mwako na mwako, na ndivyo nuru yake inavyozidi kutetemeka. Mama wa Kadutu alikuwa akilikata tawi alilolikalia, nami niliyepita hapo nilimsifia shoka.

Mtu ataniuliza kwa haki: tetemeko lisiloonekana laweza vipi kumuumiza mtu? Jibu lilipatikana Uingereza kabla ya vioo hivi kuenea. Mwaka 1989 Arnold Wilkins na wenzake waliwachunguza watumishi wa ofisi chini ya taa za mrija za kawaida, ambazo kwa umeme wa mizunguko 50 hupigapiga mara 100 kwa sekunde, kisha chini ya taa za namna ile ile zilizotiwa kifaa cha kuituliza nuru, na watumishi hawakujua ipi ni ipi. Malalamiko ya kuumwa kichwa na kuchoka macho yakapungua kwa zaidi ya nusu. Hawakuumia wote kwa kiasi kimoja, kwa kuwa macho, kama matumbo, hayafanani katika uvumilivu. Lakini hilo lilitosha kuonyesha kwamba jicho laweza kuadhibiwa na jambo lisilolishuhudia. Umeme wetu huu wa mabwawa ya Ruzizi nao una mizunguko 50. Na jumuiya ya wahandisi ya IEEE, katika mwongozo wake nambari 1789 wa mwaka 2015, iliweka kanuni ya kwamba kadiri nuru inavyopepesa polepole ndivyo kupepesa kwake kupasavyo kuwa kudogo, na kwamba ikipepesa zaidi ya mara 3,000 kwa sekunde hakuna madhara yanayotazamiwa.

Kulipima jambo hili hakutaki maabara wala mtaalamu. Nilirudi kwa yule mama usiku, umeme ukiwapo, tukaizima taa ya kibanda, tukafungua ukurasa mweupe usio na herufi, nikachukua kalamu ya biki nikaipunga mbele ya kioo kwa haraka, kushoto na kulia, kama mtu afukuzaye nzi. Mwanga ulipokuwa umejaa, kalamu ilionekana kuwa kivuli kimoja kilichopakazwa, laini, kisichokatika popote. Mama alipoushusha mwanga hadi pale alipozoea kufanyia kazi, kivuli kikavunjika vipande: kalamu kumi, kumi na mbili, kila moja imesimama peke yake kama meno ya kitana. Alinyamaza kidogo, akaninyang'anya kalamu akaipunga mwenyewe, akarudia, kisha akasema, "Kumbe miaka yote hii ninasoma kwa mwanga wa radi!"

Tiba yake ilikuwa rahisi kuliko miwani. Taa za kioo tuliziinua hadi mwisho, mahali ambapo hazizimwi, kisha weupe uliozidi tukaupunguza kwa kile kitufe cha kutofautisha weupe na weusi, ambacho hutia kivuli katika picha bila ya kuzigusa taa. Picha hupoteza uzuri wake kidogo kwa njia hiyo, lakini kazi ya mama ni herufi, wala si picha za arusi. Tena nikamshauri kwamba siku atakapokuwa na fedha atafute kioo ambacho mtengenezaji wake huipunguza nuru kwa kuupunguza umeme wenyewe, ambacho kalamu haivunjiki mbele yake, iwe mwanga umejaa au umeshushwa.

Lakini nuru iliyotulia haitoshi kama haipatani na chumba. Katika nyumba zetu nyingi dirisha huelekezwa ziwani, kwa sababu nani aliye na ziwa asitake kuliona. Na mwenye nyumba huiweka meza yake ama akilipa dirisha mgongo, maji yakimeremeta juu ya kioo hata asione alichoandika, ama akilikabili dirisha, macho yake yakivutana baina ya nuru mbili zisizolingana. Meza na isimame ubavu kwa dirisha. Kioo nacho kikae mbali na uso kiasi cha urefu wa mkono, na ukingo wake wa juu usipite usawa wa macho, kwa maana anayetazama chini kidogo kope humfunika jicho, likakawia kukauka. Ukitaka kujua kama nuru yake imelingana na chumba, shika karatasi nyeupe kando yake: kioo kikionekana taa mbele ya karatasi, kimezidi, kikionekana jivu, kimepungua, na vikifanana kama ndugu wawili, viache hivyo. Ama yule anayefanya kazi gizani kwa betri, umeme umekwenda na kioo ndicho nuru pekee nyumbani, namwomba aweke taa ndogo nyuma ya kioo imulike ukuta, ili jicho lisipigane na shimo la giza kila litokapo pembeni mwa ukurasa.

Mataifa mengine yamekwisha kuyatungia mambo haya sheria. Jumuiya ya Ulaya, kwa amri yake ya Mei 1990, iliwalazimisha waajiri kuwapima macho watumishi wa kompyuta, na ikataka picha ya kioo iwe imetulia bila ya kupepesa. Na shirikisho la vyama vya watumishi wa Uswidi, TCO, likaanza mwaka 1992 kuviwekea vioo bora alama yake. Baadhi ya vioo vinavyotufikia hapa vimekwisha kutumika huko, mgongoni mwao alama hiyo ingali imebandikwa. Nayo ni heri kuliko kukosa alama, ila aliyeibandika hakukipima kioo baada ya miaka kumi ya kazi. Kalamu hukipima leo.

Na mfanyabiashara hakosi cha kutuuzia. Miwani ya kuzuia rangi ya buluu imeenea hata katika meza za njiani, na muuzaji wake huapa kwamba inaponya uchovu wa macho. Lakini mwaka 2023 wachunguzi wa Cochrane waliyakusanya majaribio 17 juu ya miwani hiyo, wakahitimisha kwamba huenda haina faida yoyote katika kupunguza uchovu wa macho utokanao na kompyuta. Mwenye kuinunua kwa urembo na ainunue. Anayeumwa kichwa akiweke akiba kile alichotaka kulipa.

Nimesema kwamba karatasi ni muungwana, na wako watu waliojaribu kukifundisha kioo uungwana huo. Hapa jirani, ng'ambo ya Ruzizi, kuanzia mwaka 2008 watoto wa shule za Rwanda waligawiwa kompyuta ndogo za rangi ya kijani na nyeupe, ambazo hesabu yake ilipita laki mbili. Kioo chake, kilichosanifiwa na Mary Lou Jepsen, kilikuwa na hikima ya ajabu, kwa kuwa mtoto alipotoka nje uani aliweza kuizima taa ya ndani kabisa, na jua lenyewe likamsomea, herufi nyeusi juu ya uwanja wa kijivu. Ni katika chumba chenye kivuli tu ndimo kioo kile kilimokuwa taa. Wengine walikwenda mbali zaidi. Kampuni ya E Ink, iliyoanzishwa Marekani mwaka 1997 kutokana na kazi za Joseph Jacobson na wanafunzi wake Barrett Comiskey na J.D. Albert katika chuo cha MIT, ilitengeneza wino unaokaa ndani ya vifuko vidogo, upana wa kila kimoja kama wa unywele, vyenye chembe nyeusi na nyeupe; umeme ukizivuta chembe nyeupe juu, mahali hapo huwa peupe, ukizivuta nyeusi, huwa peusi, na ukishaondoka, chembe hukaa pale pale zilipoachwa. Kioo hicho hakihitaji umeme ila pale ukurasa unapogeuka, hata ukikatika katikati ya sentensi, sentensi inabaki. Kindle, kile kisomeo cha vitabu cha mwaka 2007, iliifanya teknolojia hiyo mashuhuri. Kasoro zake ni bei, na uzito wake wa kubadilisha picha, hata kuchapia ni taabu na sinema haitazamiki. Lakini mwanafunzi mwenye vitabu vya kurasa mia tano vya kusoma, na umeme wa saa nne kwa siku, angelipewa achague, sidhani kama angekawia.

Yule mama hatimaye alipata fedha. Alikwenda mjini kununua kioo kilichokwisha kutumika, akaomba vitatu viwashwe na viwekwe weupe mtupu, akaipunga kalamu yake mbele ya kila kimoja, mwanga juu, mwanga chini. Kijana muuzaji alicheka kwa kioo cha kwanza. Kwa cha pili akasogea. Kwa cha tatu akaomba kalamu. Alichokichukua mama kilikuwa kidogo kuliko vyote, na mgongo wake umekwaruzwa, na muuzaji alikuwa amekiweka nyuma kabisa.

Mabibi na mabwana, kalamu za biki ninazo hapa mezani, na kompyuta mbili zimewashwa mbele yenu, moja imetulia na moja haikutulia, wala sitawaambia ipi ni ipi. Taa za ukumbi zitazimwa kwa dakika chache, safari hii kwa amri yetu wenyewe. Njooni mmoja mmoja.